Barafu inatoka na maji ndani, fundi anasema sensa imekufa: tuipime kwanza

Swali la dada mmoja wa Mbezi, Dar: "Habari fundi. Friji yangu ni ile pana ya milango miwili ya kusimama, friza iko kushoto, na ndani ya friza kuna mashine yake ya kutengeneza barafu. Ina miaka minne. Wiki ya tatu sasa vipande vya barafu vinatoka na ukubwa wa kawaida ila ukivibana vinapasuka, ndani vina maji, halafu kwenye ndoo yake vinashikana vinakuwa bonge. Siku moja kioo kiliandika namba ya hitilafu, nikachomoa nikachomeka ikapotea. Fundi aliyekuja kafungua mlango kachungulia kasema sensa ya barafu imekufa ninunue nyingine, na bei aliyotaja imenishtua. Mdogo wangu anasoma VETA ana mita yake. Tunaweza kujua wenyewe kama ni sensa kweli?"

Dada yangu pole na usumbufu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujatoa hela maana wengi huwa wananitafuta sensa mpya ikiwa tayari imefungwa na barafu bado inatoka na maji. Jibu fupi ni ndio mnaweza, tena kwa mita ya kawaida tu ya kupimia umeme na glasi ya maji ya barafu. Jibu refu ndo hili sasa, mwite na mdogo wako asome maana kazi nyingi ni yake.

Kwanza tusimlaumu sana huyo fundi, sensa ni kweli inaweza ikawa ndo mgonjwa. Ila kuchungulia na kusema "imekufa" bila kuipima, hapo amebahatisha. Sensa haifi kwa kuonekana kwa macho.

Hiyo sensa ni kidude kidogo kama punje ya maharage, kimefungwa kwenye plastiki, kina waya mbili, na kimekaa chini ya trei inayogandisha maji. Kazi yake ni moja, kuiambia bodi ya friji, ile sahani ya umeme inayoiongoza friji, trei imefikia baridi kiasi gani. Na inavyoiambia ni hivi, kile kidude kinazuia umeme, baridi ikizidi kinazuia zaidi, joto likizidi kinalegea. Bodi inakipelekea kiumeme kidogo, mara nyingi volti 5, inaangalia kimezuiwa kiasi gani, inapata hesabu yake. Kikizuia sana bodi inasema aah, trei imeshakuwa baridi, barafu imeiva, geuza trei mwaga kwenye ndoo jaza maji mengine. Kikizuia kidogo inasema bado tunasubiri.

Ukishaelewa hapo barafu yenyewe inaanza kukusimulia. Vipande vyako vina ganda nje na maji ndani, maana yake trei imegeuzwa kabla ya wakati, bodi imedhani pamekuwa baridi kuliko ilivyo kweli. Kama ingekuwa kinyume, sensa inadanganya kwamba pana joto, usingeona vipande vyenye maji, ungeona trei imejaa barafu ngumu kama jiwe na haimwagi, unasubiri toka asubuhi mpaka jioni ndoo tupu. Kwaiyo sisi tunatafuta kitu kinachofanya bodi isome baridi ya uongo, na vitu hivyo viko vitatu, sensa yenyewe ni kimojawapo tu.

Cha kwanza ni konekta. Ile sehemu waya za mashine ya barafu zinapochomekwa, mara nyingi nyuma kwenye ukuta wa friza. Pale unyevu unaingia, unaganda, unayeyuka, miaka inapita, vipini vinaota kutu ya kijani. Kutu inazuia umeme. Na bodi haina akili ya kujua kizuizi kimetoka kwenye sensa au kwenye kutu, yenyewe inajumlisha tu, kizuizi kikubwa ni sawa na baridi kali, mwaga! Na ile namba ya hitilafu iliyotokea mara moja ikapotea baada ya kuchomoa na kuchomeka ndo inanifanya niinyooshee konekta kidole, sababu sensa iliyokufa kabisa huwa haifufuki hivi hivi, ila mguso mbovu unakuja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Halafu kumbuka ile namba haisemi "sensa mbovu", inasema njia nzima ya sensa ina shida, na njia ni sensa, waya, konekta na bodi.

Cha pili, sensa imebanduka. Inatakiwa ikae imebanwa kwenye tumbo la trei na kipande cha sponji kwa chini ili isome trei na sio hewa. Trei za namna yako zinapindwa na mota kila zikimwaga, pinda rudi pinda rudi kwa miaka minne, klipu inaachia, sensa inaning'inia kidogo tu nusu sentimita. Hapo sasa inasoma upepo wa friza ambao ni nyuzi 18 chini ya sifuri wakati maji kwenye trei bado ni maji. Sensa nzima kabisa, haina kosa, imewekwa pasipo pake. Hii nimekutana nayo mara nyingi kuliko sensa mbovu, na dawa yake ni kuirudisha mahali pake na kuibana vizuri.

Cha tatu ndo sensa yenyewe kuharibika.

Kabla ya mita lakini angalia lile bonge kwenye ndoo. Kama ukilivunja unaona vipande vyenye kona zao, magamba yaliyopasuka, yamegandishwa na maji kama gundi, hiyo ni ile ya kumwaga mapema. Ila kama ni bonge laini limeviringika, kona zimelika, hilo limeyeyuka likaganda tena, na hapo mwizi ni umeme uliokatika usiku au raba ya mlango haibani, mashine ya barafu haihusiki hata kidogo. Unaweza kukuta yote mawili, hapa kwetu na umeme wetu sishangai.

Na ukubwa wa vipande pia. Umesema ni wa kawaida, vizuri, maana vingekuwa vidogo vyembamba ningekuuliza habari za maji. Watu wengi wa Dar wanaungisha friji kwenye tenki la juu ya mnara na kusahau kwamba mita 10 za kimo zinakupa bar 1 tu ya presha. Friji nyingi za aina hii zinataka kuanzia kama bar 1.4, yani tenki lako liwe mita 14 hewani, ghorofa nne hivyo, nani analo. Sasa presha ikiwa ndogo trei haijai, na ubaya mwingine valvu ya maji inatumia presha hiyo hiyo kujifunga vizuri, ikiwa ndogo inadondosha tone tone, matone yanagandia kwenye bomba la kujazia, bomba linaziba, na mtu anaambiwa sensa. Kama una pampu ya kusukuma maji ndani ya nyumba shida hiyo huna.

Haya mdogo wangu wa VETA, chukua mita.

Chomoa friji kwenye ukuta kwanza. Sio kuzima kwenye kioo, chomoa plagi, maana kuna mashine za barafu zenye hita ya kubandua barafu na hiyo inakula umeme wa ukutani wenyewe. Funga na koki ya maji. Toa ndoo, toa mashine ya barafu, mara nyingi ni klipu moja ya kubonyeza au skrubu mbili na inateleza kuja mbele, usiivute kwa nguvu maana nyuma imeshikwa na konekta. Kama imegandiana na barafu acha mlango wazi isubiri, au weka bakuli la maji ya moto ndani ya friza. KISU HAPANA. Nasema tena, kisu hapana, nimeshaona friji nzuri zimetobolewa bomba la gesi sababu ya mtu kuchokonoa barafu na kisu cha jikoni, na hapo sasa ndo utajua bei ya sensa ilikuwa ndogo. Na friji za siku hizi nyingi gesi yake ni R600a, inawaka moto.

Ukishaitoa angalia konekta kwa tochi kabla hujaisafisha. Kuna ukijani? Kuna kipini kimoja cheusi kuliko wenzake? Kuna chembe za barafu? Piga picha. Halafu geuza mashine uangalie tumbo la trei, sensa imebanwa au inacheza, sponji ipo au imeoza. Ukikuta moja kati ya haya, nusu ya kazi imeisha, lakini pima hivyo hivyo.

Iache mashine mezani lisaa limoja izoee joto la chumba. Tafuta waya mbili za sensa, ni nyembamba, mara nyingi zote rangi moja au nyeupe, zifuate kutoka chini ya trei mpaka kwenye konekta upate vipini vyake. Weka mita kwenye omu, yani kipimo cha kizuizi cha umeme, pima. Sensa hizi zina familia zake, iliyo nyingi ni ya kilo 10 (yani kiloomu, omu elfu 10), nyingine ni ya kilo 5, na zipo hata za kilo 2.7, na hizo namba ni kwenye nyuzi 25. Sasa Dar saa nane mchana chumba kina nyuzi 30 au zaidi, kwaiyo ukipata kilo 8 kwenye sensa ya kilo 10 usipige kelele mbovu mbovu, ndo yenyewe, joto limeishusha. Ile ya kilo 5 itakupa kama 4. Ukitaka kujua yako ni familia gani kuna karatasi iliyokunjwa huwa inafichwa nyuma ya kifuniko cha bodi au chini nyuma ya lile grili la miguuni, ina jedwali lote la nyuzi na omu. Watu wanaitupa wakidhani ni ya kiwandani. Msiitupe.

Kipimo cha pili ndo hakimu. Vunja barafu ndogo ndogo, jaza glasi mpaka juu, ongeza maji kidogo ya kujaza nafasi, koroga. Hiyo glasi ni nyuzi sifuri, haihitaji kipimajoto cha bei. Chopeka sensa ndani, ukiona waya ni fupi au hutaki kulowanisha konekta basi weka ile barafu na maji kwenye kimfuko cha nailoni ukikandamize kwenye sensa. Dakika tano. Ya kilo 10 inatakiwa ipande taratibu mpaka kilo 32 hadi 34, ya kilo 5 ifike kati ya 13 na 16 kutegemea aina. Angalia inavyopanda, inatakiwa ipande kwa utulivu kama mtu anapanda ngazi. Ikirukaruka, 20, mara 60, mara 25, au ikagoma kabisa pale pale, au mita ikaandika 1 ya kushoto, yani imeshindwa kusoma, kwenye kila renji (kile kiwango unachochagua kwa kuzungusha kitufe cha mita), hapo sensa au waya wake imeondoka, fundi wako alikuwa sahihi. Wakati bado iko kwenye glasi tikisa waya kwa kidole kuanzia sensa mpaka konekta, kama namba inaruka ukifika sehemu fulani, waya umekatika kwa ndani pale pale.

Makosa mawili ambayo wanafunzi wanayafanya, na mi mwenyewe nimeyafanya nikiwa na mita mkononi na kiburi kichwani. La kwanza ni kushika ncha zote mbili za mita kwa vidole. Mwili wako nao unapitisha umeme, sasa ukipima kitu cha kilo 90 huku vidole vyako navyo vinapitisha, mita inakuletea namba ndogo ya uongo. Ncha moja shika, nyingine bana na klipu au mwambie dada akushikie. La pili ni renji. Zamani wakati naanza kazi nilimpimia mama mmoja sensa ikiwa bado iko ndani ya friza, mita nimeiweka renji ya kilo 20, ikaandika 1. Nikatoa sensa mpya mfukoni ikasoma 8. Nikamwambia mama unaona? Hii imekufa hii iko hai. Akanunua. Wiki ile ile akapiga simu barafu iko vile vile. Ile sensa ya zamani nilikuwa nimeitupa kwenye boksi la chakavu, nikaiokota nikaigusa na mita, kilo 8, nzima kama mwenzake. Kwenye baridi ya friza ilikuwa ina kilo 70 au 80 huko, renji ya kilo 20 ingeionaje? Nilimrudishia mama hela yake na shida ikaja kuonekana ni klipu ya shilingi sifuri. Kwaiyo ukipima kwenye baridi weka renji ya kilo 200.

Sensa ikipita kwenye glasi, geukia upande wa friji. Safisha vipini vya konekta kwa spirit na mswaki wa zamani, kausha kabisa, chomeka chomoa mara kumi hivi ili vijikwangue. Kisha mkiwa na uhakika mikono imekauka, konekta ikiwa imechomolewa, washa friji na upime volti DC kwenye vile vipini viwili vya sensa upande wa ukutani. Ikileta kama 5 (bodi nyingine ni 3.3) bodi iko sawa na waya za ukutani ziko sawa. Ikileta sifuri, waya umekatika njiani au bodi imeumia. Ila hapo mdogo wako awe makini ajue vipini anavyogusa, maana jirani yake kwenye konekta hiyo hiyo panaweza kuwa na umeme mkubwa wa hita, kama hana uhakika aache, amwite mtu. Na kama ana resista ya kilo 100, kile kidude kinachozuia umeme kwa kiasi kile kile muda wote, zile zinauzwa bei ya pipi kwenye maduka ya vifaa vya redio Kariakoo, anaweza kuzima, akaichomeka mahali pa sensa, akawasha. Kwa familia ya kilo 10 hiyo ni sawa na kuiambia bodi "tuko nyuzi 19 chini ya sifuri". Kama bodi ilikuwa inaleta namba ya hitilafu kila ikiwashwa na sasa haileti, bodi inasoma vizuri. Asiiache humo tu, maana itaendelea kumwaga maji mabichi kwenye ndoo.

Pia kuna kibonyezo cha majaribio, kwa chini au pembeni mwa mashine ya barafu, ukikishikilia sekunde kadhaa trei inajipindua na kuita maji. Ikipindua na maji yakaja, mota na valvu viko hai. Weka taulo kwenye ndoo kwanza, utanishukuru.

Ikithibitika sensa ni mbovu kweli, nunua ya familia ile ile. Hili ndo watu wanaumizwa nalo dukani, wanapewa sensa "inayofanana" kwa umbo, ya kilo 5 inaenda kwenye bodi ya kilo 10, inasoma joto muda wote, barafu haimwagwi milele. Usiamini umbo, mwambie muuzaji aipime mbele yako, na nenda na ile ya zamani mfukoni. Kwenye baadhi ya modeli sensa haiuzwi peke yake inauzwa na mashine nzima ya barafu, labda ndo maana bei ile ilikushtua, muulize fundi bei ni ya sensa tu au ya mashine nzima kabla hujamwona mwizi.

Kuunga ni rahisi, haina chanya wala hasi, waya yoyote kwa yoyote. Kazi ya kulehemu risasi ifanyike mezani mbali na friza sababu ya ile gesi niliyosema. Kiungio kizibwe kwa mpira wa kubana kwa moto, ule wenye gundi ndani, sio selotepu, selotepu kwenye friza inaachia baada ya wiki na maji yanaingia tunarudi pale pale. Waya uupitishe ukiwa na kitumbo kinachoning'inia chini kabla ya konekta ili tone likitiririka lidondokee hapo lisiingie ndani. Sensa irudi kwenye tumbo la trei, sponji chini yake, klipu ikabe mpaka isikie.

Ukiwasha usiangalie saa hiyo hiyo. Friza ipewe siku nzima irudi nyuzi 18 chini ya sifuri, barafu ya raundi mbili tatu za mwanzo mwaga, halafu chukua kipande kimoja cha raundi inayofuata kipasue na nyundo. Kikiwa kigumu mpaka katikati hata kama kati pana weupe weupe hiyo ni sawa, weupe ni hewa na chumvi za maji yetu. Kikitoa maji tena, msinunue kitu kingine chochote.

Mdogo wako akishapima nitumieni namba mbili tu, ya mezani na ya kwenye glasi, pamoja na ile picha ya konekta iliyopigwa kabla ya kusafisha. Nikiona hizo tatu nitakwambia hela itoke au ibaki.